Mwalimu Aliyekaukwa na Sauti

Kila asubuhi Mwalimu Melania alikoroga uji wa binti yake huku akiijaribu sauti yake. Alifanya hivyo taratibu, akiwa ameupa mlango mgongo, ili mume wake asisikie.

“A, e, i, o, u,” alisema.

Siku nyingine sauti ilitoka. Siku nyingine ilikwaruza kama bati linaloburutwa chini. Jumatatu hiyo ilikwaruza vibaya.

“Mama, unaongea na nani?” aliuliza Blessing. Alikuwa mtoto wa miaka mitano, mwenye maswali mengi.

“Kunywa uji.”

“Lakini unaongea na nani?”

“Blessing! Kunywa uji!”

Mtoto akainamia kikombe chake. Melania alijuta palepale. Jua lilikuwa halijachomoza vizuri, na tayari alikuwa amemkaripia mtoto asiye na kosa.

Mume wake, Abel, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale senta. Alikuwa akifunga kamba za viatu, lakini alisikia yote.

“Mama Blessing,” alisema, “sauti hiyo si ya kwenda nayo kazini. Pumzika leo.”

“Nikipumzika, nani ataingia darasani kwangu?”

Abel alimfungia andazi kwenye karatasi, akamtilia kwenye mkoba.

Shule yao ilikuwa kijijini, upande wa Bulyanhulu. Zamani kijiji hicho kilikuwa cha mpunga na ng'ombe. Kisha watu wakaanza kuja kutoka kila mkoa kutafuta dhahabu. Walikuja na wake zao, waume zao na watoto wao. Nyumba za kupanga ziliota haraka. Madarasa hayakuota haraka hivyo. Darasa la Kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya mia, chumba kimoja, mwalimu mmoja. Mwalimu huyo alikuwa Melania.

Ng'ambo ya uzio wa shule kulikuwa na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Lilinguruma kutwa. Melania alipotaka watoto wa nyuma wamsikie, ilibidi apaze sauti kuzidi karasha. Aliwahi kwenda peke yake kumwomba mwenye mashine asimamishe kazi wakati wa vipindi. Mwenye mashine alimwambia, “Mwalimu, na mimi nina watoto wanaotaka kula.” Akarudi darasani, akaendelea kupiga kelele.

Kulikuwa na jambo jingine. Kwao Melania ni Ngara. Kisukuma alikuwa hakijui. Watoto wengi wa darasa lake, kwao, kuanzia asubuhi mpaka wanapolala, husikia Kisukuma tu. Kiswahili walikuwa wakikutana nacho pale shuleni. Mmoja wao aliitwa Kabula. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye macho makubwa, anayekaa karibu na dirisha. Tangu shule ifunguliwe, Melania alikuwa hajamsikia akisema neno hata moja.

“Huyu ana uzito wa kuelewa,” Melania alijiambia. Hakuwa na nafasi ya kufikiria zaidi. Watoto wengine walikuwa wakimwita kila upande.

Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na darasa la Mwalimu Bujiku, aliyefundisha Darasa la Pili. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mpole, mzaliwa wa hukohuko. Baada yake lilikuwa darasa la Mwalimu Athanas, aliyefundisha Darasa la Tatu. Athanas alikuwa mtu wa unadhifu na kazi. Alisahihisha madaftari mpaka ofisi inafungwa, na hakupenda mchezo.

Ungedhani walimu hawa watatu, ambao watoto wao ni walewale wanaopanda kutoka chumba kimoja kwenda kingine, wangekuwa na mengi ya kuzungumza. Hawakuwa na kitu. Mwanzoni mwa muhula, katika kikao, mwalimu mkuu alisoma matokeo ya kila darasa kwa sauti, moja baada ya jingine. Athanas alisimama akasema, “Mimi napokea watoto wasiojua kusoma. Nifanye nini?” Bujiku alichomwa na maneno hayo. Akasema, “Na mimi nawapokea hivyohivyo. Msingi unaharibikia Darasa la Kwanza.”

Watu wote walimtazama Melania. Usiku ule hakulala.

Toka siku hiyo, katika ofisi ya walimu kila mtu aliweka kiti chake kwenye kona yake. Walisalimiana, basi. Mwalimu akiumwa, darasa lake lilikaa peke yake. Mwalimu akikwama katika somo, alikwama kimya, maana kuuliza ilikuwa kama kukiri kwamba hujui kazi. Melania alianza kuota uhamisho. Baadaye akaanza kuota kuacha kazi kabisa. Alikuwa anaipenda kazi hiyo tangu akiwa msichana. Sasa kila Jumapili jioni alihesabu saa zilizobaki kabla ya kesho yake.

*

Jumatatu hiyo, baada ya mapumziko, Melania alikuwa akifundisha silabi. Jua lilikuwa kali na karasha lilikuwa limepamba moto. Aliandika ba, be, bi, bo, bu.

“Someni kwa sauti!”

Wa mbele walisoma. Wa katikati walikuwa wanagombania penseli. Wa nyuma walikuwa hawamsikii kabisa. Katikati ya vurugu hiyo Kabula aliinuka, akaanza kutembea kwenda mlangoni.

“Wewe! Rudi ukae!”

Kabula alisimama. Alimtazama mwalimu wake, akasema kwa sauti ndogo sana, “Minzi.”

Watoto kadhaa wakacheka. Melania alidhani anachekwa yeye. Kitu fulani ndani yake kikakatika. Alichukua rula ndefu ya ubaoni, akaiinua. Hakuwahi kumpiga mtoto wa Darasa la Kwanza. Alijivunia hilo. Lakini mkono ulikuwa juu, na Kabula alikuwa amejikunyata, mikono imefunika kichwa.

Rula ilishuka juu ya dawati. Pa!

“Nimesema uru...”

Sauti haikumaliza neno. Alifungua mdomo tena. Hakikutoka kitu. Alijaribu mara ya tatu, ikatoka hewa tu.

Watoto walinyamaza wote. Melania aliiweka rula chini. Alitoka nje, akapita nyuma ya stoo ya shule, akajiegemeza ukutani na kulia bila sauti.

Upande wa pili wa ukuta, Mwalimu Bujiku alikuwa akiandika ubaoni. Alikuwa amezoea kumsikia Melania kutwa nzima, kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Ghafla hakumsikia. Alisubiri kidogo. Kisha akaiweka chaki, akaenda kuchungulia.

Alikuta watoto zaidi ya mia, kimya, na msichana mmoja akitetemeka karibu na mlango. Bujiku alichuchumaa mbele yake, akamsemesha kwa Kisukuma. Msichana akamjibu. Bujiku akampeleka kwenye ndoo, akamchotea maji. Kisha akawaimbisha watoto wimbo mpaka hofu ikawatoka.

Alimkuta Melania nyuma ya stoo.

“Mwalimu,” alimwambia, “yule mtoto alikuwa na kiu. Minzi ni maji. Alikuwa anakuomba ruhusa.”

Melania alifunika uso kwa viganja.

“Nenda nyumbani,” alisema Bujiku. “Darasa nitalitazama.”

*

Jirani yao katika nyumba ya kupanga alikuwa Asteria, nesi wa zahanati ya kijiji. Alimzidi Melania miaka mingi, na alimchukulia kama mdogo wake. Alasiri aliporudi kutoka kazini alimkuta Melania amekaa kwenye mkeka, kibao cha kuandikia cha Blessing kiko mapajani. Abel alikuwa pembeni, hajui la kufanya.

“Shikamoo, dada Asteria,” alisema Abel kwa niaba ya wote wawili.

“Marahaba. Nimeambiwa. Hebu fungua kinywa, mdogo wangu.”

Asteria alimmulika kooni kwa tochi. Akauliza kama ana homa, kama anakohoa, kama anashindwa kumeza. Melania alitikisa kichwa kukataa kila mara. Kisha akajaribu kunong'ona.

“Usinong'one!” alisema Asteria. “Watu wengi wanakosea hapo. Kunong'ona nako kunaichosha sauti. Ndani ya koo kuna nyuzi mbili ndogo za nyama. Ukiongea, zinagongana. Ukipiga kelele kutwa, kila siku, zinavimba. Hizo zako zimevimba. Dawa yake ya kwanza ni kunyamaza kabisa siku kadhaa. Kunywa maji mara kwa mara. Kaa mbali na moshi na vumbi. Na ikipita wiki mbili, tatu, bado inakwaruza, tutakuandikia uende hospitali kubwa wakakuangalie vizuri. Tumeelewana?”

Melania aliandika kwenye kibao: *Nani atafundisha?*

“Kule shuleni kwenu mtu akichoka, nani anampokea?”

*Hakuna.*

“Mkikaa ofisini mnaongea nini?”

Melania alifikiri. Akaandika: *Hatuongei.*

Asteria alivua viatu vya kazini, akakaa vizuri kwenye mkeka.

“Pale zahanati tulikuwa hivyohivyo,” alisema. “Kila mtu na chumba chake. Mwenzangu akizidiwa na foleni, mimi nafunga mlango, nasema zamu yangu imekwisha. Basi tukaanza kuumwa sisi wenyewe. Huyu presha, yule hapati usingizi, mwingine anagombana na mumewe kila siku. Mimi nilikuwa nikifika nyumbani naanza kulia tu. Wagonjwa hawajapungua hata leo. Mishahara ni ileile. Lakini siku hizi tunakabidhiana kazi. Nikizidiwa nasema nimezidiwa, na hakuna anayenicheka. Kesho mwingine anazidiwa, tunamshika. Nalala usingizi, Melania. Kazi ileile, na nalala.”

Melania akaandika maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu: *Nataka kuacha kazi. Leo nilitaka kumpiga mtoto aliyeomba maji.*

Abel aliyasoma. Alikaa karibu na mke wake, akamshika bega.

“Mbona hukuniambia?” alimwuliza kwa upole.

*Nilidhani ni mimi mbovu.*

“Umeelemewa,” alisema Asteria. “Mtu mmoja hawezi kuwapigia kelele watoto mia akabaki mzima. Hata angekuwa nani.”

Jioni ile wageni walipiga hodi. Alikuwa Mwalimu Bujiku, ameshika papai kubwa, na nyuma yake mwalimu mkuu, Mwalimu Apolonia. Walipewa viti, Asteria akawaeleza hali ya mgonjwa. Bujiku aliweka papai chini, akashika kichwa.

“Nimefundisha darasa lako tangu saa tano mpaka saa nane tu,” alisema, “na kichwa kinaniuma mpaka sasa. Mama Blessing, mimi nilisema mbele ya watu kwamba msingi unaharibikia kwako. Nilikuwa sijui nasema nini. Nisamehe.”

Melania aliandika: *Yameisha.* Akafuta haraka, maana machozi yalikuwa yanakuja.

Mwalimu Apolonia alikohoa kidogo. “Na mimi nilisoma yale matokeo kama mtu anayepanga mbuzi mnadani,” alisema. “Nilidhani nikiwalinganisha mtakazana. Mmekazana kweli, kila mtu na lake.”

“Mimi nina wazo,” alisema Bujiku. “Asteria anasema usiongee. Sawa. Njoo ukae, usiongee. Mimi nitakuwa mdomo. Tuyaweke madarasa yetu pamoja kwa siku hizi.”

Apolonia alisita. “Chumba hakitoshi. Na akija mkaguzi?”

“Akija atatukuta tunafundisha, Mkuu. Leo angekuta darasa halina mwalimu.”

*

Nisikudanganye kwamba mambo yalinyooka mara moja. Baada ya kupumzika siku chache, Melania alirudi shuleni akiwa bado hana ruhusa ya kuongea. Siku ya kwanza ilikuwa fujo tupu. Watoto wa madarasa mawili walijazana hadi kwenye vizingiti. Siku iliyofuata ilikuwa afadhali kidogo. Iliyofuata tena, Bujiku alikasirika.

“Mimi naongea kutwa nzima,” alisema ofisini. “Wewe umeshika kibao. Huku ni kusaidiana au ni kunibebesha?”

Melania aliona uchungu, lakini alijua anasema kweli. Mwalimu Apolonia aliwakalisha wote wawili.

“Umefanya vizuri kusema, Mwalimu Bujiku,” alisema. “Ungenyamaza ungevimba moyo. Sasa tugawane upya. Melania, wewe bila sauti unaweza nini?”

Melania alifikiri, akaandika: *Wachache wachache. Wasioweza kusoma. Barazani. Bujiku abaki na wanaoweza.*

Bujiku alisoma, uso wake ukafunguka. “Hapo sawa. Wanaoweza wananisikia hata nikiongea polepole.”

Basi wakafanya hivyo. Darasa likapungua ndani. Kwenye baraza, upande usio na karasha, Melania alikaa chini na watoto wachache kwa zamu. Aliokota vizibo vya soda, akaandika herufi juu yake. Alionyesha m, akaonyesha a, akavisogeza vikagusana. Watoto walimtazama mdomo, kisha wakasema wenyewe: “Ma!” Kwa kuwa mwalimu hakusema, ilibidi waseme wao.

Kabula alikuja na kundi lake, akakaa mbali. Alikuwa bado anaiogopa mikono ya Melania. Melania aliiweka mikono yake mapajani, ionekane. Hakumwita. Siku ya pili Kabula alisogea kidogo. Siku nyingine alisogea tena. Melania alichora mtungi kwenye kibao, akachora maji yanamwagika, akamtazama kama mtu anayeuliza.

“Minzi,” alisema Kabula polepole.

Melania alitikisa kichwa kukubali. Akapanga vizibo: ma, ji. Akagusa picha, akagusa vizibo.

Kabula alivigusa vizibo kimoja kimoja. Midomo ilimcheza. “Ma... ji,” alisema. Halafu akamnyooshea mwalimu wake kidole, akataka kujua kama na yeye amejifunza. “Minzi?”

Melania hakuweza kuvumilia. “Minzi,” alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya siku zote hizo. Lilitoka kwa kukwaruza, na Kabula akacheka. Mara ya kwanza kucheka shuleni.

Bujiku alisikia kutoka dirishani. “Mama Blessing! Nesi amekukataza!” alifoka, lakini alikuwa anatabasamu.

*

Sauti ya Melania ilirudi pole pole. Ilipokuwa imerudi vya kutosha, Mwalimu Apolonia aliuliza, “Sasa mnarudi kila mtu chumbani kwake?”

“Hapana, Mkuu,” walijibu wote wawili kwa pamoja.

Waliendelea kugawana watoto wakati wa kusoma. Bujiku alimfundisha Melania maneno ya Kisukuma ya kumpokea mtoto: njoo, kaa, usiogope. Melania alimwonyesha Bujiku jinsi ya kumshika mtoto mkono anapojifunza kuandika, jambo ambalo Bujiku alikuwa halijui vizuri na alikuwa anaona haya kuuliza.

Mwalimu Apolonia naye alibadilisha vikao. Kila Ijumaa, baada ya watoto kuondoka, walimu walikaa nusu saa na chai. Viti vilitolewa kwenye kona, vikawekwa duara. Apolonia aliuliza maswali mawili tu: “Wiki hii nini kimekwenda vizuri?” na “Nani ameelemewa?” Sharti lilikuwa moja. Anayesema ameelemewa haulizwi kwa nini ameshindwa. Anaulizwa anataka nini.

Mwanzoni watu walikuwa wazito. Kila mmoja alisema yuko salama. Ijumaa moja Bujiku alisema, “Mimi mke wangu anaumwa. Asubuhi nachelewa, na nikichelewa naogopa kuja.” Palepale mwalimu mwingine akasema atampokelea kipindi cha kwanza mpaka mke wake apone. Baada ya hapo maneno yakaanza kutoka.

Ni katika kikao kimoja cha Ijumaa walikubaliana kwenda kwa mwenye karasha, walimu wote, pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Mwenye mashine alipowaona wamekuja kundi zima, aliwatolea viti. Walizungumza kwa heshima. Hakukubali kufunga mashine asubuhi nzima. Alikubali kuisimamisha katika vipindi vya kwanza, watoto wadogo wanapojifunza kusoma. Ilitosha.

Nyumbani Blessing aliona mabadiliko kabla ya mtu mwingine. Mama yake alikuwa akirudi na maneno yaliyobaki ya kuongea naye.

“Mama, leo umechoka?” aliuliza siku moja.

“Nimechoka, lakini si sana. Ulikuwa unataka kuniuliza nini?”

Blessing alikuwa na maswali mengi ya akiba. Aliyatoa yote mpaka ugali ukaiva. Abel alisikiliza kutoka uani, akipiga mluzi.

Watoto bado walikuwa wengi. Chumba bado kilikuwa kimoja. Lakini Jumapili jioni Melania hakuhesabu saa tena. Wazo la kuacha kazi lilikuja mara mojamoja, likapita.

*

Mtu mmoja hakuingia katika duara la viti. Mwalimu Athanas alikuja kwenye vikao, akakaa karibu na mlango, akasahihisha madaftari. Alipoulizwa kama ameelemewa, alisema, “Mimi nina kazi, sina malalamiko.” Walimu wengine walianza kumsema pembeni.

“Msimseme,” Melania aliwaambia. “Na mimi nilikuwa nasema niko salama, wakati siko.”

Badala yake alimpelekea swali. “Mwalimu Athanas, mtoto akifika kwako, ni nini hasa hakijui? Tuambie, tukianzie huku chini.”

Athanas alimtazama kwa mashaka, kama mtu anayetafuta mtego. Kisha akaeleza. Watoto wanasoma neno, hawaelewi sentensi. Wanaruka nukta. Wanachanganya r na l. Alieleza vizuri, kwa muda mrefu, na mwisho akashangaa kwamba Bujiku na Melania walikuwa wanaandika. Lakini kengele ya kipindi ilipogongwa, alirudi kwenye kona yake.

Kisha asubuhi moja, watoto wakiwa mstarini, simu ya Athanas iliita. Alisikiliza, akaketi chini kwenye vumbi na suruali yake safi. Mama yake alikuwa amefariki dunia nyumbani kwake Kambarage, mjini Shinyanga.

Mwalimu Apolonia alimtafutia usafiri. Athanas alikuwa akisema maneno yasiyo na mpango: “Darasa la Tatu wana jaribio. Madaftari sijamaliza. Nani...”

“Nenda kamzike mama,” alisema Bujiku. “Mengine yako kwetu.”

Alikaa msibani zaidi ya wiki. Walimu wawili waliwawakilisha wenzao kwenye mazishi. Waliobaki waligawana Darasa la Tatu. Melania alichukua kusoma, Bujiku akachukua hesabu, na Mwalimu Apolonia mwenyewe akarudi kushika chaki.

Athanas aliporudi alikuwa amekonda. Walimu walimpa pole, mmoja baada ya mwingine, na Melania akamwekea chai. Hakuigusa.

“Nitafundisha Jumamosi,” alisema. “Nitafidia vyote. Naomba tu msiseme kwa wazazi kwamba watoto wangu wameachwa nyuma.”

“Hawajaachwa, Mwalimu,” alisema Melania. “Jaribio wamefanya. Tumesahihisha. Kwenye kusoma tumefika pale pa nukta na mkato. Nukta hawaruki siku hizi, kama walivyokuwa wanaruka.”

Athanas aliyatazama madaftari yaliyopangwa mezani. Alifungua la juu, akaona mwandiko wa Melania. Alifungua la pili, akaona mwandiko mkubwa wa Bujiku. Alilifunga. Aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Bujiku alisogeza kiti chake karibu, akakaa naye.

“Kule msibani,” Athanas alisema baadaye, “nilikuwa nalala. Nilidhani sitalala kwa kuwaza darasa. Nimemlilia mama yangu vizuri. Sikuwa na la pili moyoni.”

“Leo pumzika tu hapa,” alisema Mwalimu Apolonia. “Kesho utaingia.”

Kengele iligongwa. Watoto wa Darasa la Tatu walisikika wakikimbilia ndani, madawati yakigongana. Athanas alijifuta uso kwa leso. Alikunywa chai yake yote, akasimama, akachukua chaki.

“Nitaingia leo,” alisema. Alifika mlangoni, akasimama. Ilikuwa dhahiri kwamba anatafuta neno ambalo hajazoea kulisema.

“Mama Blessing,” alisema, “sitaweza peke yangu.”

Melania alikuwa na kipindi kitupu. Aliinuka, akajifunga kanga yake vizuri kiunoni.

“Twende,” alisema.

Wakaingia pamoja.